Dawa Iliyoandikwa Kwenye Daftari

Hapa Nyantakara, mazoezi ni mambo ya wanafunzi, wanajeshi na vijana wa mpira. Mzee wa miaka 68 akionekana anakimbia barabarani, watu watauliza kuna msiba wapi.

Baba aliambiwa mara tatu afanye mazoezi. Kila mara alijibu, "Sawa, daktari," akachukua vidonge vya presha, akarudi kukaa dukani. Hakuwa mkaidi. Kwa hesabu yake, mazoezi alikwisha kuyamaliza: miaka 40 ya jembe, na baiskeli yenye gunia la mihogo nyuma. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hautumii mwili wake ni kumtukana.

Lakini shamba sasa wanalima wadogo zangu. Baba anauza sabuni na chumvi, na akitaka kwenda sokoni, bodaboda inamfuata mlangoni. Mwili uliozoea jembe umepewa kiti, na ugali sahanini haujapungua. Mdogo wake alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki kikombe. Kwetu presha si habari ya redioni.

Si kwamba nchi imekaa kimya. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani. Lakini ndani ya zahanati, foleni ikiwa imejaa watoto wenye homa, nani ana nafasi ya kumfafanulia mzee namba hiyo?

Mwaka jana tabibu mmoja kijana aliipata nafasi. Alimwamkia, kisha akauliza, "Mzee, zamani siku yako ilikuwaje?"

Baba akaeleza kwa fahari.

"Na siku hizi?"

Baba akanyamaza kidogo. "Siku hizi nakaa."

Hakuna aliyemlaumu, amesema mwenyewe. Tabibu akauliza njia ya shambani inapita wapi, akaambiwa kuna mwembe mkubwa, robo saa kutoka nyumbani. Akavuta daftari la baba, na chini ya majina ya vidonge akaandika: kutembea hadi mwembeni na kurudi, siku 5 kwa wiki. Dakika 30 mara 5 ni 150. "Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea, lakini usiweze kuimba. Kifua kikibana, simama, uje hapa."

Baadaye nilisoma kwamba huko New Zealand madaktari huandikia wagonjwa mazoezi kwenye karatasi, kama dawa, tangu 1998. Tabibu wetu alitumia daftari la shule na dakika chache tu za maswali.

Vidonge baba bado anameza, na kliniki anahudhuria. Kilichobadilika ni kwamba neno la daktari sasa lina njia, lina mti, lina siku. Majirani wakimuuliza anakwenda wapi asubuhi bila jembe, hajitetei. Anawaambia, "Nimeandikiwa."