Ala Ina Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo husifu makali, lakini haisemi lolote juu ya ala inayoyahifadhi. Nami, mwanafunzi wa fasihi, sikuwahi kuifikiria ala hadi likizo moja nilipokwenda Eldoret kumsaidia mjomba wangu katika kibanda chake cha kushona viatu.

Alifika mteja mwenye bastola ya leseni, akataka ashonewe kitu cha kuitilia kiunoni. Kwa majivuno ya usomi nikaandika daftarini: "mkoba wa bastola." Mjomba akasoma, akatabasamu.

"Mpwa wangu, mkoba hubeba chochote. Hii ni ala. Ala ina mwenyewe."

Mteja alitoa risasi zote, mjomba akaipima bastola na kuchora umbo lake, kisha mwenyewe akaondoka nayo. Usiku ule mjomba alichonga mfano wake kwa mti. Kesho yake alichagua ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, unene wa milimita 3 hivi. Ngozi ya kromu aliikataa. Ni laini mno, haishiki umbo. Alitoboa matundu kwa msharasi, akashona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, kila tundu likipitiwa mara mbili, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono usifumuke. Ndipo akailowesha ngozi, akautia ule mfano ndani, akaifinyanga kwa vidole na kuianika kivulini. Ilipokauka, ilikuwa ngumu kama gamba. Mdomo wake ulibaki wazi hata ilipokuwa tupu.

Mteja aliporudi hakuridhika. Alitaka ngozi ikatwe, kifyatulio kiwe wazi, apate kuichomoa upesi kama waigizaji wa sinema. Mjomba akakataa katakata. Nikamkonyeza akubali, maana fedha zile ndizo zilizokuwa zijazilize karo yangu ya uzamili. Hakunitazama. Alikunja kaptura yake, akatuonyesha kovu refu pajani. Ujanani alikimbia akiwa na sime katika ala iliyolegea.

"Makali hayamjui mwenyewe," alisema. "Kidole, tawi, hata upindo wa shati waweza kuifyatua. Hapo sipaachi wazi."

Akamrudishia arubuni yake, shilingi kwa shilingi. Mteja akaenda zake.

Karo nililipa kwa kuchelewa, na kwa majuma kadhaa nilimnunia mjomba moyoni. Ala ile ingali imetundikwa kibandani, tupu, nayo haijapoteza umbo. Nimepata kuwasikia wasomi wakibishana juu ya istilahi ipi imfae nani. Kila mara humkumbuka fundi yule aliyelijua neno kwa sababu aliijua kazi yake, na akakubali kulala njaa kuliko kuishona vibaya.