Ni Akina Nani Hao?

Siku hizi mtu akitaka kuaminika hataji tena mali wala cheo chake, anataja idadi. Eti, "Ukurasa wetu umetazamwa na watu elfu kumi!" Nasi tunaitikia "Eeee!" kama kwaya. Mimi nimechoka kuitikia.

Hebu tuangalie hesabu yenyewe. Tovuti hukaa katika kompyuta iitwayo seva, na seva huandika kila faili inayoombwa. Ukifungua ukurasa wenye picha 10, seva huandika maombi 11: ukurasa wenyewe na picha zake. Mwenye tovuti akitaka kujigamba, atataja hayo 11, na kumbe ni wewe peke yako, tena hujasoma hata neno moja! Halafu kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikifungua kurasa. Hizo si watu, lakini mara nyingi huhesabiwa.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka wa 2016 Facebook ilikiri kwamba ilikuwa imekuza wastani wa muda ambao watu hutazama video, kwa kuwa hesabu iliwaacha nje waliotazama chini ya sekunde 3. Waliolipia matangazo walikwenda kortini, na mwaka wa 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40. Ni sawa na mwalimu kutafuta wastani wa darasa bila kuwahesabu waliopata sufuri. Kwa hesabu hiyo hata darasa letu lingeongoza!

Idadi ya uongo ingekuwa kichekesho tu, lakini inatafutwa kwa kutumia watu. Mwaka jana kituo kimoja cha tuisheni mtaani kwetu kilibandika picha ya mdogo wangu mtandaoni, pamoja na jina lake na alama zake zote. Hakuna aliyemwuliza mama. Mama alipokwenda kulalamika, mwenye kituo akamjibu kwa furaha, "Mama, hongera! Mtoto wako ameonwa na watu elfu kumi."

Mama akauliza, "Ni akina nani hao?"

Jamaa akanyamaza kimya.

Nchini mwetu ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, inayotaka mzazi aridhie kwanza. Tena mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mama alipoitaja sheria hiyo, picha ilifutwa siku iyo hiyo.

Mdogo wangu hana hata simu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka wa 2018 ilipojulikana kwamba habari za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilifikia kampuni ya Cambridge Analytica, wengi wao hawakuwa wamejibu yale maswali yaliyotumiwa kuzikusanya. Waliyajibu marafiki zao, basi nao wakachukuliwa.

Juzi jirani alimwonyesha mama picha ile ile katika simu yake. Jina lilikuwa limekatwa, alama bado zinasomeka. Alipoulizwa ametumiwa na nani, alifikiri kidogo, akasema hakumbuki.