Mji Usio na Bahari

Mimi ni mzawa wa Dodoma, nimemaliza kidato cha nne, na naandika riwaya. Washikaji huniuliza: "Riwaya gani hiyo haina Dar, haina bahari?" Haya, tuanze na hiyo bahari.

Wajerumani walipoanza kututawala, makao yao yalikuwa Bagamoyo. Lakini maji ya pale ni ya kina kifupi, meli kubwa zilitia nanga mbali. Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya asili yenye kina, iliyokingwa na mawimbi. Mwaka 1891 wakahamia huko. Ndugu msomaji, aliyekuja kuchukua mali huweka kiti chake mlangoni, mizigo isichelewe kutoka.

Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yaje Dodoma. Bandari hatuna, mvua ni ya msimu mmoja, maji ni ya kuhangaikia. Tulichonacho ni kukaa katikati: njia ya Arusha, ya Iringa, ya Singida na reli ya kati, zote zinakutana kwetu. Hata hivyo Bunge lilihamia 1996, na Serikali ikangoja mpaka tamko la 2016. Miaka 43! Mlango una utamu wake, jamani.

Basi shujaa wangu hakimbilii Dar kutafuta maisha. Anashuka stesheni ya Dodoma, vumbi linamwingia machoni, na kisa kinaanzia hapo hapo. Nchi ilishathubutu kuhama. Sisi waandishi tunangoja tamko la nani?