Ukuta Usiosumbua
Nyumba ya nyanya yangu hapa Mtongwe ilikuwa ya fito na udongo. Kila baada ya masika tuliikandika upya. Mwaka huu wajomba walitaka ukuta usiosumbua. Mabati yalikataliwa, kwani huliwa na chumvi ya bahari. Tukachagua mawe ya matumbawe, yale yaliyojengea Fort Jesus kuanzia 1593 na ambayo yangali yamesimama. Nyanya aliridhia, kisha akaniuliza: “Mjukuu wangu, na majirani watakutana siku gani?” Sikuwa na jibu. Vitendawili ninavyovitafiti leo nilivisikia kwanza siku za kukandika, mikono imejaa tope. Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tumeujenga, ufa huu mwingine tutauziba kwa nini?