Kadi Wanayo, Bili Wanazo

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia nafanya kazi zahanati Marekani hudhani nachoma sindano. Sichomi. Nakaa chumba cha nyuma na kompyuta mbili na mashine ya faksi, nadai pesa kwenye makampuni ya bima. Ndiyo, faksi, tena kila siku. Mji wetu uko Iowa na una kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Wafanyakazi wake wengi ni Wakongo, Kiswahili ndiyo lugha yao, na wakipata barua wasiyoielewa humwulizia "yule dada wa nyuma".

Walio mbali hufikiri wanaoteseka huku ni wasio na bima. Wapo, na shida yao iko wazi kwa kila mtu. Ila muda wangu mwingi huliwa na watu wenye kadi ya kazini, wanaokatwa mshahara kwa ajili yake mwezi hadi mwezi.

Chukua goti. Sheria ya mwaka 2010, ile inayoitwa Obamacare, inataka huduma nyingi za kinga ziwe bure kwa mwenye bima, na uchunguzi wa afya wa kila mwaka kwa kawaida huhesabiwa humo. Akaja mzee mmoja wa Bukavu. Daktari alipomaliza akamwuliza kama kuna lingine linalomsumbua. Mtu mwenye adabu akiulizwa hujibu, naye akataja goti. Daktari akalikunja, akaliminya, akamwandikia dawa. Kwetu sisi wa bili, zile dakika chache ni matibabu mengine yaliyofanyika siku hiyohiyo: yana namba yake, na pembeni tunaweka alama 25 kuonyesha kwamba ni huduma ya peke yake. Bima ikalipa uchunguzi. Goti wakamwachia mwenyewe.

"Dada, si walisema bure?"

Sikuwa na la kumjibu, maana bili ilikuwa sahihi. Habari zikazunguka kiwandani. Siku hizi watu wa zamu yake wakija kwenye uchunguzi wa mwaka hawaumwi chochote.

Goti lilimwangukia yeye kwa sababu ya didaktibo, yaani kiasi unachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Kwa bima za kazini za mwaka 2024, wastani wake kwa mtu mmoja ulikuwa dola 1,787. Kwenye mipango mingi hesabu inarudi sifuri kila Januari mosi, kwa hiyo Januari na Februari simu yangu haipoi: watu walewale, dawa zilezile, ghafla bei nyingine. Desemba mambo hugeuka. Aliyekwisha kuimaliza anataka mwili mzima ushughulikiwe kabla mwaka haujaisha.

Halafu kuna vibali vya bima. Dereva wa foklifti aliumwa mgongo mpaka mguu mmoja ukawa unakufa ganzi. Daktari akaagiza picha ya MRI. Kampuni yake ya bima haipitii maombi ya vibali yenyewe; inakodi kampuni nyingine ya kuyapitia. Wakajibu: kwanza wiki sita za mazoezi ya viungo. Alikuwa ameshayafanya, katika mji aliokuwa akiishi kabla ya kuhamia kwetu. Nikatafuta kumbukumbu zile, nikazituma kwa faksi. Wakasema kurasa zimefika pungufu. Nikatuma tena. Mwishowe ikabidi daktari wetu azungumze na daktari wao, na saa ya simu hiyo wanaipanga wao. Ikilia daktari akiwa na mgonjwa, ndiyo imepita. Walipopatana hewani, wa upande wa pili alikuwa daktari wa watoto. Hakuambiwa jambo lolote ambalo halikuwa kwenye zile karatasi, na kibali kikatoka palepale.

Chini ya barua ya kibali pana sentensi ambayo wagonjwa hawaisomi: kibali hiki si ahadi ya malipo. Na kweli, picha ilipopigwa na dai likapelekwa, lilirudi na CO-197, yaani hapakuwa na kibali. Barua yao wenyewe ilikuwa mezani kwangu.

Nikapigania, wakalipa. Lakini hiyo ilikuwa MRI, pesa nyingi. Dai la dola sitini likikataliwa mara ya pili mara nyingi nalifuta, kwa kuwa mshahara wangu wa kulifuatilia unazidi dai lenyewe. Wanalijua hilo. Upande wao kuna mtu anayepiga hesabu kama yangu.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenye kadi hawalijui. Jina la kampuni ya bima lililoko kwenye kadi mara nyingi ni la karani tu. Mwaka 2024 karibu wafanyakazi 63 katika kila 100 wenye bima ya kazini walikuwa kwenye mipango ambayo mwajiri ndiye anayelipa matibabu kutoka kwenye fedha zake, na kampuni ya bima inapokea ada ya kusindika madai. Mfanyakazi anailaani bima, kumbe uamuzi wa kutogharamia dawa fulani ulipitishwa na ofisi za juu za kiwanda chake. Akilalamika kwa msimamizi wa bima wa jimbo, pale Des Moines, ataambiwa kwa heshima kwamba mipango hiyo haiko chini yao. Iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA. Akishtaki na kushinda, kwa kawaida anapata gharama ya kile alichonyimwa. Madhara ya kucheleweshwa hayalipwi.

Mambo haya yote yalifikaje mikononi mwa waajiri? Wakati wa vita, mwaka 1942, serikali ilidhibiti mishahara, na viwanda vilivyogombea wafanyakazi vikaanza kuwavutia kwa bima, kwa kuwa haikuhesabiwa kama mshahara. Baadaye sheria ya kodi ikaupa mtindo huo mizizi.

Na sisi wa upande wa matibabu tusijifanye malaika. Hospitali zina orodha ya bei ambayo karibu hakuna kampuni ya bima inayoilipa, halafu mara nyingi asiye na bima ndiye anayetumiwa bili kwa bei hizo.

Kinachonichosha zaidi ni mambo kama ya mama mmoja aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alikuwa mstari wa kukata nyama, bima ya familia ikiwa kwa jina lake, kwa kuwa mume anaendesha lori la kampuni ndogo, na kampuni yenye wafanyakazi chini ya 50 hailazimiki kutoa bima. Akapatikana na saratani ya titi. Sheria ya mwaka 1993 ilimpa wiki 12 za likizo bila mshahara, kazi na bima vikimsubiri. Kemotherapi na upasuaji vikazimaliza zote, mionzi bado. Kiwanda kikamwachisha kazi, bila kuvunja sheria hiyo, na kadi ikafa mwisho wa mwezi.

Ikaja barua: anaweza kubaki na bima ileile kwa miezi 18, mradi alipe sehemu yake na ya mwajiri, na asilimia mbili juu. Bima ya familia ya kazini mwaka 2024 ilikuwa wastani wa dola 25,572, zaidi ya 2,100 kwa mwezi. Alipokuwa kazini, alikatwa kama robo tu. Hata akijilipia peke yake ingezidi 700, na wakati huo hapokei senti.

Wakahamia bima ya soko la serikali, yenye ruzuku. Daktari wake wa saratani hayumo kwenye orodha ya bima hiyo. Didaktibo, aliyokuwa ameimaliza mapema mwaka uleule, ikaanza upya. Nilipiga simu kampuni ya zamani kuuliza kama kibali cha mionzi walichokwisha kutoa kinaweza kusaidia huko aendako. Binti aliyepokea akatazama, akaniambia huyo si mwanachama wao tena, kwa hiyo haruhusiwi kuzungumza habari zake. Nikafungua fomu ya kampuni mpya, nikaanza na jina.