Daftari Dogo la Jioni

Katika shule yetu ya kijijini tu walimu watatu tunaopokezana darasa moja la watoto 61. Yapata mwaka sasa tulipatana kwamba kila mmoja wetu awe na daftari dogo, na kila jioni, kabla ya kufunga mlango wa shule, aandike habari za watoto wachache ambao masomo yamewashinda. Si alama za mtihani, maana hizo zina kitabu chake, bali mambo yaliyoonekana siku ile. Twataka kuwaeleza jinsi daftari hilo lilivyotuaibisha.

Mwezi wa kwanza tuliandika upuzi. Tulipoketi Jumamosi chini ya mwembe kusomeana, kurasa zilijaa maneno haya: mvivu, mzito, mkaidi, hasikii, kama jana. Mwenzetu aliye mkubwa kwa umri akauliza, “Ndugu zangu, huo uvivu mliuona wapi? Rangi yake ni ipi?” Tukacheka, walakini hatukuwa na jibu. Mtu haoni uvivu. Huona mtoto ameweka kalamu chini, au amesinzia, au anatazama dirishani. Mvivu ni neno la hukumu, na hukumu ikiisha kutolewa nani atatafuta mashahidi tena? Basi tukaweka sheria: asiandike mtu ila aliloliona au kulisikia mwenyewe, pamoja na saa yake na somo lake. Tukaongeza ya pili, kwamba habari za daftari zisitoke nje kwenda kuzungumzwa kisimani.

Sheria ya kwanza ilitutaabisha sana. Jioni mtu amechoka, na neno moja la lawama huandikwa upesi kuliko mistari mitatu ya kweli. Mmoja wetu aliacha siku kumi na moja asiandike kitu, naye ndiye anayeshika kalamu hii.

Sasa palikuwa na mvulana mmoja ambaye jina lake hatulitaji, aliyekuwa amekwisha rudishwa darasa mara moja. Katika daftari zote tatu aliandikwa neno lile lile: hasikii. Akiambiwa alete kitabu, huleta chaki. Wenziwe wakiketi, yeye husimama, darasa likacheka. Kwa ajili hiyo tulimsimamisha mlangoni mara nyingi, tukampa uwanja mzima aufagie peke yake, wala mioyo yetu haikutushitaki.

Tulipoanza kuishika sheria, habari zake zilikuwa hivi. Jumatatu, saa tatu, imla: maneno mawili sawa katika kumi. Jumanne, hesabu za ubaoni: zote sawa. Jumatano, imla, mwalimu amesimama mbele yake: maneno manane. Alhamisi, imla, mwalimu anatembea nyuma ya madawati: neno moja, tena mtoto amegeuza shingo kumfuata. Ijumaa, mvua juu ya bati: hakuandika kitu.

Kila habari peke yake ni ndogo. Zilipokaa katika ukurasa mmoja, yule aliyekuwa akitusomea alinyamaza katikati. Mtoto alikuwa akitazama vinywa vyetu. Hasikii! Tuliliandika mwezi mzima, na kabla ya hapo tulilisema miaka miwili, nalo lilikuwa kweli tupu, wala hatukulielewa.

Jioni ile tulikwenda kwao. Mama yake akasema, “Walimu wangu, tangu ananyonya sikio lake hutoka usaha. Mimi nalifuta kwa ncha ya kanga. Nilidhani mwajua.” Hatukuwa tumemwuliza. Hospitalini tabibu aliona kiwambo cha sikio moja kimetoboka na la pili si zima. Akampa dawa, akatuonya lisitiwe mafuta wala maji yasiingie, na arudi tena kutazamwa.

Njia hii si mpya. Jean Itard, tabibu wa shule ya viziwi mjini Paris, aliandika mwaka 1801 na tena 1806 habari za mvulana aliyeokotwa mwituni, alilojaribu na lililomshinda. Bibi Maria Montessori aliyanakili maandiko hayo kwa mkono wake katika Kiitalia, na alipofungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma mwaka 1907, kuwaangalia watoto ndiko kulikokuwa mwanzo wa kazi yake. Nasi tulio Wakristo twasoma katika Injili ya Marko kwamba Bwana wetu alipoletewa kiziwi alimtenga kwanza na mkutano. Sisi twafundisha mkutano siku zote.

Wengine daftari limewasaidia kidogo. Msichana mmoja husinzia siku za gulio tu, kwa kuwa huamka usiku kubeba mzigo; tumesema na baba yake, naye ameahidi. Wawili bado hatujui kinachowazuia, ijapokuwa kurasa zao ni nyingi kuliko za wote.

Mvulana yule sasa hukaa mbele, sikio lake jema likielekea kwetu. Katika mtihani uliopita alikuwa wa 38. Tulimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililokuwa likimcheka. Alitutazama vinywa hata tulipokwisha, kisha akauliza kama aweza kwenda kucheza.