Mkate wa Nafaka Nyingi katika Milima ya Lubero

Msafiri atokaye Butembo kwenda Lubero huvuka mstari wa ikweta njiani, na asipochukua koti atajuta. Butembo peke yake yakaa juu ya bahari kwa kimo cha meta 1,700 hivi, na milima ya Lubero yapita meta 2,000. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Jua likiuondoa, utaona mashamba yaning’iniayo kilimani: viazi, njegere, vitunguu, mahindi, na hapa na pale shamba la ngano likitikisika kwa upepo. Mgeni hushangaa: ngano kwenye ikweta! Lakini ngano hupenda baridi, na baridi ya milima hii imeletwa na kimo chake.

Hata hivyo sehemu kubwa ya unga mweupe wa madukani haitoki kilimani hapo. Hutoka ng’ambo, hupita bandari ya Mombasa, kisha hupakiwa katika malori, huvuka Uganda na kuingia Kasindi. Kwa sababu hiyo vita vya Ukraine vya mwaka 2022, vilivyopandisha bei ya ngano duniani kote, vilisikika mpaka katika mfuko wa mama mwenye kuwanunulia watoto mkate wa asubuhi. Tena mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23, vita vikaingia kusini mwa Lubero, na watu wengi wakayaacha mashamba yao. Wakati kama huo, kujua kuoka mkate nyumbani kwa nafaka yo yote iliyopo si mchezo wa matajiri.

Maana mkate wa nafaka nyingi ulizaliwa na njaa. Katika sura ya nne ya kitabu cha Ezekieli, nabii aamriwa kutia katika chombo kimoja ngano na shayiri, maharagwe na dengu, na nafaka nyingine ndogo, afanye mkate wa watu waliozingirwa na adui. Kipimo chake kwa siku kilikuwa sikeli 20, yaani kama gramu 230 tu. Huko Ulaya kadhalika, wakulima wa zamani walipanda ngano na seigle katika shamba moja, wakaita mchanganyiko huo méteil. Baridi ikiua moja, nyingine ilisimama. Mama zetu wapandao maharagwe katikati ya mahindi hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Na mwaka 1964 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo chakula na kilimo, lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko, ili nchi zinunuazo ngano ng’ambo zipate kuchanganya nafaka na mihogo yao wenyewe.

Basi, mama unayeanza, fahamu kwanza kwa nini ngano haiachwi kabisa. Ndani yake mna kitu kinatacho, ambacho ukikanda unga hujivuta kama ngozi ya ngoma na kuzuia hewa ya chachu isitoroke. Mahindi hayana kitu hicho, wala mtama, wala ulezi, wala soya. Kwa hiyo unga wa namna hizo usizidi theluthi moja ya unga wote, la sivyo utatoa jiwe jikoni. Kwa mara ya kwanza, chukua gramu 700 za unga wa ngano, 150 za mahindi, 100 za mtama na 50 za soya. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, kwa kuwa mbichi ni chungu na hulemea tumbo; lakini usiiache, kwani hujaza upungufu wa nafaka katika kujenga mwili wa mtoto.

Unga wa mahindi na wa mtama uumwagie maji ya moto, uukoroge, uuache upoe. Hapo chembe zake hulainika na mkate hautakwaruza koo. Kisha tia ngano na soya, vijiko vidogo 3 vya chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha chachu kavu, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo, hata maji yote yafike kama robo tatu za lita. Donge liwe laini, la kunata kidogo. Likande dakika 15 bila huruma.

Sasa mlima wenyewe utakufundisha. Baridi huifanya chachu ilale: donge ambalo pwani lingeumuka kwa saa moja, hapa laweza kutaka saa tatu, au usiku mzima. Lakini hewa ya juu ni nyepesi, nayo haiugandamizi unga. Chachu ikiisha kuamka, donge huvimba upesi, na likipita kiasi huanguka katikati. Usitazame saa, tazama donge. Likikaribia kuwa mara mbili ya lilivyokuwa, ligawe mikate miwili, uiache iumuke tena kidogo, kisha uoke.

Asiye na tanuru atumie sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, mkate ndani ya bati lake juu ya mchanga, mfuniko juu, makaa chini na makaa mengi zaidi juu ya mfuniko. Huo ni moto wa dakika 45 hivi kwa kila mkate. Ugonge chini kwa kidole: ukilia kama kitu kitupu, umeiva. Watoto watataka kuukata papo hapo; wakataze, maana ndani bado unapikika kwa joto lake, na kisu kitatoka na ugali.

Utakuwa mweusi kidogo na mzito kuliko mkate wa dukani. Wapo watakaouita mkate wa maskini, na waseme. Kipande kimoja humfikisha mwanafunzi mchana. Siku ya tatu ukianza kukauka, uchome juu ya makaa, uule na maharagwe yenye mchuzi.